Chini ya mita 2 si salama kama ujumbe unavyodai

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu ya mafundi: eti ukifanya kazi kwenye urefu wa chini ya mita 2 huhitaji kinga ya kuanguka, kwani ukiteleza utawahi kujishika.

Si kweli. Kutoka mita 2 mtu hufika chini kwa takriban sekunde 0.6, akiwa na kasi ya kama kilomita 22 kwa saa. Kichwa kikitangulia kwenye zege, hata stuli ya mpaka rangi inaweza kuua. Dondosha kokoto kutoka usawa huo, irekodi kwa simu, uhesabu muda mwenyewe.

Mkanganyiko unaeleweka. Sheria za baadhi ya nchi zina kipimo cha urefu ambapo kinga huwa lazima. Kwenye ujenzi Marekani ni futi 6, karibu mita 1.8, basi watu hudhani chini ya hapo hakuna hatari. Uingereza iliachana na kigezo cha mita 2 mwaka 2005. Sasa huhesabiwa urefu wowote unaoweza kumjeruhi mtu.

Ngazi ya kuegemeza ikigusa ukuta mita 4 juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Na isipandishwe juu ya ndoo, hata bosi akiwa na haraka.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleweshe kwa upole aliyekutumia.