Mhandisi wa uzalishaji kiwandani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ni fundi wa mashine mwenye digrii.
Fundi huifufua mashine iliyosimama. Mhandisi wa uzalishaji huangalia mtiririko mzima: kila hatua inakula sekunde ngapi, bidhaa inasubiri wapi, na kwa nini nyingine zinaharibika. Hayo hayapimiki ofisini. Yanataka mtu asimame kwenye mashine na saa mkononi.

Dhana: Ukitaka kuzalisha zaidi, nunua mashine yenye kasi.
Kosa hili ni ghali sana. Chukua mfano wa laini ya kupaki sembe kilo 2. Mashine ya kujaza inatoa pakiti 30 kwa dakika, ya kufunga mdomo 22, na wapangaji wa mafurushi wanamudu 40. Leta mashine ya kujaza pakiti 60: zitatoka zile zile 22, ila rundo mbele ya mashine ya kufungia litakua. Kazi inaanzia hapo penye foleni. Kwa zamu ya dakika 480, mashine hiyo ingetoa pakiti 10,560. Zikipatikana nzuri 7,392, ni asilimia 70 tu. Kuzitafuta zile 3,168, andika kila inaposimama, hata kwa nusu dakika. Visimamo vifupi ndivyo husahaulika, na vikijumlishwa vinatisha.

Dhana: Pakiti zikifunguka, mwendesha mashine amezembea.
Chukua pakiti iliyofunguka, inua mdomo wake kwenye mwanga. Ukiona vumbi la unga ndani ya mshono, kupandisha joto la mashine ya kufungia kutaunguza nailoni bure. Vumbi limefikaje hapo? Bomba la kulifyonza limeziba. Kwa nini? Kichujio chake kimejaa. Kwa nini hakikusafishwa? Hakimo kwenye ratiba ya usafi. Hapo ndipo pa kurekebisha, na mara nyingi mwendesha mashine alishaliona tatizo zamani, hakuulizwa tu. Kumkata mshahara hakutazuia pakiti ya kesho kufunguka.

Dhana: Gramu chache zikizidi si hasara.
Mashine nyingi za kujaza unga hutumia skrubu inayopima ujazo, si uzito. Unga ukipungua kwenye hopa, yaani chombo kinacholisha mashine, mgandamizo hupungua na pakiti zinakuwa nyepesi. Ukijaa, zinakuwa nzito. Kwa kuogopa pakiti pungufu, watu huweka kipimo gramu 2,024. Weka kitambuzi kinachodumisha kimo cha unga kwenye hopa, pima pakiti 5 kila nusu saa, na uzito ukishatulia unaweza kushuka hadi 2,008. Gramu 16 mara pakiti 7,392 ni takriban kilo 118 za unga kila zamu. Kushusha kipimo kabla uzito haujatulia, hata hivyo, ni kumpunja mnunuzi.

Dhana: Muda wa kubadili saizi ya pakiti haupunguziki.
Mwaka 1969, mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo alikuta Toyota wakitumia saa 4 kubadili kalibu za mashine ya kukandamiza ya tani 1,000. Muda ulishuka hadi dakika 90, kisha dakika 3. Njia yake inafaa hata kwenye sembe: rola la nailoni, spana na bomba la saizi mpya vifike kando ya mashine ikiwa bado inafanya kazi, na boliti zenye kuzungushwa mara kumi zibadilishwe na vibano vya mkono.