Sindano ya mshipani, kisha unarudi kulala kwako

Karibu kila asubuhi hapa kliniki, Moshi, nasikia: "Dokta, niwekee dripu, vidonge havina nguvu." Si kweli. Kidonge cha metronidazoli, moja ya antibiotiki (dawa za kuua bakteria), kwa mfano, hunyonywa tumboni karibu chote. Ukitaka ya mshipani unaongeza gharama tu. Mshipa tunautafuta mgonjwa akitapika kila anachomeza, vidonge vikishindwa, au maambukizi yakienda mbio.

Chukua mguu uliovimba, mwekundu na wa moto, baada ya mtu kujikata na jembe. Kama presha iko sawa na mwenyewe anaongea vizuri, si lazima alazwe. Nachukua kalamu, nauzungushia ule wekundu mstari. Kesho ukiwa umevuka mstari na homa haijashuka, hapo hatubishani: anakwenda kulazwa hospitali, Mawenzi au KCMC.

Antibiotiki ya mshipani tunayoitumia sana ni seftriaksoni. Haina haraka ya kutoka mwilini, kwa hiyo kwa maambukizi kama haya dozi moja hutosha kwa saa 24. Ndiyo maana unaweza kuja mara moja kwa siku na kulala kwako Pasua. Ingekuwa ya kila baada ya saa 6, nauli ya bajaji ingekumaliza. Naipitisha taratibu kwa nusu saa hivi, na kamwe si pamoja na dripu ya Ringa, maana kalsiamu iliyomo ikikutana nayo hutengeneza chembechembe.

Kuna wanaoinunua duka la dawa na kuchomwa na jirani sebuleni. Mzio mkali ukitokea, mtu anaweza kuishiwa pumzi ndani ya dakika chache, na adrenalini, dawa ya kumwokoa, iko huku kwetu. Halafu ile iliyochanganywa na ganzi ni ya kwenye msuli tu. Ikiingia mshipani inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ukiondoka na kanyula mkononi, kile kibomba kidogo tunachokiacha mshipani, usiiloweshe. Ukioga, funga mfuko wa plastiki. Pakiuma, pakivimba au ukaona mstari mwekundu unapanda mkono, rudi hata usiku.

Homa ikishuka na ukianza kula, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, naing'oa kanyula na kukuandikia vidonge. Hapo wengi hununa: "Si huwa ni sindano tano, dokta?" Hakuna sheria hiyo. Vidonge vinaendelea pale sindano zilipoishia, hatuanzi kuhesabu siku upya.