Kung'oa chujio la masizi hakuiponyi injini

Kwa miaka mingi madereva wa malori wameambiana gereji kwamba mfumo wa kusafisha moshi ndio unaoua injini za dizeli za kisasa, na kwamba ukiung'oa, injini itadumu kama zile za zamani. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Marekani ilipobana viwango vya moshi mwaka 2007, malori mapya yalianza kufungwa chujio la masizi, na mengi ya awali yalisumbua kweli.

Lakini chujio liko kwenye ekzosi, baada ya moto kumaliza kazi silindani. Hata AdBlue, dawa ya kusafisha moshi ambayo wengine hudhani huchanganywa na dizeli, ina tangi lake. Ni maji safi yenye urea asilimia 32.5, nayo hupulizwa kwenye moshi. Haigusi pistoni.

Chujio likiziba kila mara, mara nyingi linatoa taarifa: nozeli ya dizeli inavuja, tabo (turbo, inayosukumia injini hewa) inapitisha oili, au lori huachwa likiunguruma saa nyingi limesimama, hivyo ekzosi haipati joto la kuchoma masizi. Ukiling'oa, nozeli inaendelea kuvuja, na nozeli inayovuja inaweza kutoboa pistoni.

Lalamiko moja lina ukweli. Mfumo wa kurudisha moshi ndani ya injini hujaza masizi kwenye njia za hewa, na kipoza chake kikipasuka, maji ya rejeta yanaweza kuingia silindani. Ukiona maji yanapungua bila kuvuja nje, anza kukagua hapo.