Helmeti ya Maleba Iliyopasuka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Msimu wa tamasha za drama ukibisha hodi, meza yangu ya kulia hapa Kisumu hugeuka wodi. Askari wa mkoloni amepasuka utosi, mwanaanga ameng'oka kioo cha uso, na kuna jemadari mmoja ambaye kila mwaka hurudi kutoka jukwaani akiwa vipande viwili. Watoto wakikariri mistari, mimi mlezi wa klabu naziba helmeti za maleba, yaani za kuvaliwa jukwaani. Gundi niliyoipoteza kwa kufuata maneno ya kusikia ingetosha kubandika soko zima la Kibuye.

“Supaglu haichagui.”

Inachagua, tena sana. Plastiki ni jina la ukoo, si jina la mtu. Katika ukoo huo yumo ABS, mgumu na mwenye kung'aa, ambaye helmeti nyingi nzuri hutengenezwa naye. Yumo polistireni, mwepesi, akivunjika analia kama biskuti. Yumo PVC, wa mabomba ya maji. Halafu wamo ndugu wawili wakaidi, polithini na polipropilini, walewale wa karai, mitungi ya maji na helmeti za watoto za bei ya chini. Supaglu huwashika hao watatu wa kwanza vizuri. Wakaidi haiwaingii: hukaa juu yao kama jasho, na ukikunja kidogo tu inabanduka nzima kama ganda.

Nilipokutana nao mara ya kwanza nilimaliza tyubu tatu kwenye ufa mmoja, kisha nikarudi dukani kugomba kwamba nimeuziwa feki. Gundi haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, igeuze helmeti utazame ndani. Ukiona pembetatu ya mishale, namba 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 6 ni polistireni. ABS mara nyingi huandikwa kwa herufi zake zenyewe, au huwekwa chini ya 7 pamoja na wengine wasio na namba yao. Pasipo na alama, nyoa kipande kidogo kwenye ukingo usioonekana, ukizamishe kwa kidole katika bakuli la maji yenye tone la sabuni. Kikipanda juu, umempata mkaidi, kwa sababu wote wawili ni wepesi kuliko maji. ABS, polistireni na PVC hubaki chini. Usiache hilo tone la sabuni, maana kipande kidogo kikavu kinaweza kubebwa na uso wa maji na kukudanganya. Wapo wanaochoma kipande ili wanuse harufu. PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi, na moshi wa ABS nao si wa kuvutwa na mtu. Maji yanatosha.

“Ukishapaka supaglu, anika juani ikauke.”

Supaglu haikauki kama shati. Inachoigandisha ni unyevu, ule mvuke wa hewani na kidogo kilichotanda juu ya plastiki yenyewe, na hewa hii ya kando ya ziwa inao wa kutosha. Kinachoichelewesha ni kumimina nyingi. Tone dogo, bana, hesabu taratibu hadi 60.

Gundi hiyo haikutafutwa na mtu. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Eastman Kodak, Marekani, walikuwa wakihitaji plastiki angavu ya vifaa vya kulengea bunduki. Mchanganyiko huu ukawa unanata kwenye kila walichogusisha, wakauweka kando. Ulianza kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Mimi huwakumbuka ninapofika kwenye kioo cha uso, kwa sababu kitu kilichozaliwa katika kutafuta uangavu ndicho kinachouharibu: mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Kioo nakibandika mwisho kabisa, rangi ikiwa imeshakauka, na kwa epoksi, gundi ya tyubu mbili zinazochanganywa.

Na majivu? Mafundi wa pikipiki hunyunyizia majivu juu ya supaglu, wengine bekingi soda (si bekingi poda). Hiyo si dhana potofu. Inaganda papo hapo, inapata moto kidogo, na inajaza pengo vizuri. Ila hukatika upesi, kwa hiyo usiiweke mahali panapopinda mtoto anapoivaa.

“Ufa ni wa kupakwa kwa juu.”

Ufa ni kama mgomvi aliyefungiwa nje: utapita pengine. Kwanza tafuta unapoishia, utoboe kitundu cha milimita 2 au 3 hapo hapo. Nguvu iliyokuwa ikisukuma ncha kali ya ufa hutawanyika kwenye duara hilo, na ufa unakoma kutembea. Kisha panua mdomo wa ufa kwa kisu ili gundi ipate pa kukaa, kwangua upande wa ndani kwa msasa, ulaze kitambaa cha bandeji kilicholoweshwa epoksi, ile ya tyubu mbili. Zilizoandikwa dakika 5 huganda kwa dakika 5 kweli, lakini nguvu zake kamili huja baadaye, kwa hiyo iache hadi kesho. Niliwahi kushauriwa nitumie neti kuukuu ya mbu badala ya bandeji. Ina dawa, inaenda kukaa kichwani mwa mtoto, na baadhi ya neti zimefumwa kwa polithini, yule yule mkaidi.

“Plastiki iliyovunjika haiwezi kuwa moja tena.”

ABS inaweza, na hapa ndipo kazi hii inaponogea. Asetoni, kimiminika kilicho katika baadhi ya dawa za kuondoa rangi ya kucha, huiyeyusha. Tafuta kibodi mbovu ya kompyuta kwa mafundi wa vifaa vya umeme, uangalie ndani ya kasha lake. Nyingi zimeandikwa ABS. Katakata vipande vidogo, vitie katika chupa ya glasi, mimina asetoni ivifunike, funga, uache usiku kucha. Asubuhi una uji mzito. Upake ndani ya ufa kwa kijiti. Asetoni ikishatoka, kinachobaki ni plastiki ile ile iliyoshikana na helmeti, wala huwezi kuiita gundi. Hunywea inapokauka, ndiyo maana narudia mara mbili au tatu, nikipisha siku nzima kati ya mkono mmoja na mwingine, kisha msasa.

Angalizo mbili. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha si lazima iwe na asetoni, kwa hiyo soma kibandiko. Na asetoni hushika moto kirahisi kama petroli. Chupa hiyo na jiko visikae chumba kimoja.

Kwa wakaidi, uji huu haufai kitu. Helmeti ya kwanza ya polipropilini niliishia kuipeleka kwa fundi wa karai pale Kibuye. Aliipindua mara moja tu.

“Mwalimu, hii haitaki gundi. Hii inashonwa.”

Akatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, akapitisha waya mwembamba, kisha kwa chuma cha moto akayeyusha juu yake utepe aliokata kutoka karai la aina ile ile. Huo utepe ndio siri, kwa sababu polipropilini huungana na polipropilini, haimtaki hata ndugu yake polithini. Nilipoona ile mishono nilikumbuka agwata za nyumbani, jinsi kibuyu kikipasuka kilivyotobolewa kando ya ufa na kushonwa kwa uzi. Jukwaani mishono ile ilimfanya yule askari aonekane ametoka vitani kweli, nikaiacha bila rangi.

“Iliyopinda, itie kwenye maji yanayochemka.”

Inategemea plastiki, na inategemea mlima: ukipanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kisumu iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru, karibu mita 1,850, ni nyuzi 94. PVC huanza kulegea kwenye 80, basi inakunjika bila shida. ABS inataka kama 105. Utaichemsha mpaka makaa yaishe na haitakutii. Hiyo ni kazi ya mashine ya hewa moto, kwa mbali, ukiizungusha bila kutulia.

Kuhusu rangi sina mengi. Osha kwa sabuni kwanza, kwa maana helmeti nyingi hutoka kiwandani na mafuta ya kuitolea kwenye kalibu. Piga msasa, puliza mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mzito. Kwa wakaidi, bila rangi ya kwanza maalumu ya kushikisha, itabanduka kabla ya wimbo wa ufunguzi.

“Ikishazibwa vizuri inaweza kupandiwa boda.”

Hapana, hata ukiiziba kwa chuma. Helmeti ya pikipiki ina ganda, na ndani yake povu la polistireni ambalo hupondeka kwenye mgongano ili fuvu lisipondeke. Ya maleba haina povu hilo. Hata ile halisi, ikishaanguka kwa nguvu povu lake halirudi lilivyokuwa, na epoksi ya juu haibadilishi kitu. Sheria inawataka mwendeshaji na abiria wake, wote wawili, wavae helmeti, na helmeti inayotajwa hapo si jemadari wangu.

Zile za boda zilizokwisha kazi nazipokea kwa furaha; zinafaa sana kwa wanaanga. Ila mimi hukata mikanda ya kidevuni kabla hazijaingia sandukuni. Nilianza kufanya hivyo baada ya kumkuta kijana wa kidato cha tatu langoni, amekalia nyuma ya pikipiki, amevaa helmeti ya mwezini.