Jamani Acheni Kumwaga Kifusi Ziwani, Maji ya Victoria Yakipanda Huwa Yanashuka Pia

Ndugu zangu wa mialo, yaani pale boti zinaposhusha samaki, wenye boti, wenye vivuko na mama zangu wa dagaa, kila masika siku hizi simu zinazoingia ofisini ni zilezile. Gati imezama, boti hazina pa kufunga kamba, jirani kamwaga Fuso tatu za kifusi mbele ya eneo lake na sasa mawimbi yote yanakuja kwangu. Tunawaelewa kabisa. Ila nusu ya yanayosemwa huko mialoni sio kweli na hiyo nusu ndo inatuharibia bandari zetu ndogo, kwa hiyo leo naandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na hili la kwamba Uganda wamefunga mageti ya bwawa la Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani, maana nimechoka kulijibu kwenye simu. Hapana, Waganda hawajafunga mageti ili maji yatujae sisi. Ni kweli ziwa linatoka sehemu moja tu, kule Jinja, na mageti yapo, lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote ukiijumlisha, Kagera ikiwemo, inaleta sehemu ndogo tu. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800, mvua ikizidi juu ya eneo la ukubwa huo hakuna geti la kuiwahi. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli zikapitiliza, masika nayo ikaja nzito juu yake, kipimo cha Jinja kinachoonyesha maji ya ziwa yamefika wapi, sio kina chake, kikatoka mita 12.00 tarehe 1 Oktoba 2019 hadi mita 13.32 tarehe 30 Aprili 2020. Yaani mita moja na sentimita 32 ndani ya miezi saba. Mwezi Mei kikaipita rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imekaa tangu 1964. Mwaka 2024 maji yakarudi juu tena.

Sasa mtu akisikia mabadiliko ya tabianchi anafikiri basi maji yatakuwa yanapanda tu, anainua gati yake, anamaliza. Jamani, 2006 mmeisahau? Oktoba ya mwaka ule kipimo hichohicho kilikuwa kwenye mita 10.40 hivi, boti zinakwama kwenye tope mbali na gati. Kutoka pale hadi 2020 ni mita tatu. Mita tatu ni kutoka sakafu hadi dari la chumba unacholala. Joto likiongezeka mvua inakuja nzito zaidi, na ukame ukija jua nalo linakausha ziwa kwa kasi zaidi, kwa hiyo gati iliyojengwa kwa kuangalia maji ya mwaka mmoja, mwaka mwingine itakuwa chini ya maji na mwaka mwingine itaning'inia juu abiria wanaruka.

Kwenye mialo na vituo vidogo, kama udongo unaruhusu, sisi tunashauri gati inayoelea. Sio kitu cha ajabu. Ni jukwaa lenye matenki matupu chini yake, limeshikwa na nguzo zilizopigwa chini hadi kwenye udongo mgumu, kwenye kila nguzo kuna pete ya chuma inayoteleza, maji yakipanda jukwaa linapanda nayo, yakishuka linashuka. Kati ya jukwaa na nchi kavu kuna daraja lenye bawaba, na hapo kwenye daraja ndo wengi wanabana pesa. Daraja likiwa fupi, maji yakishuka linakuwa kali kama ngazi ya kuegemeza ukutani, na mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani hawezi kulipanda. Lifanyeni refu. Kwa vivuko vya magari ni mteremko wa zege, uanze juu kuliko maji ya 2020 na uishie chini kuliko maji ya 2006, na visanduku vya umeme na mashine za mafuta vihamishiwe juu kabisa, sio pale vilipokuwa kabla havijaloa.

Turudi kwenye kifusi. Kuna mwalo mmoja kule visiwani nilifika maji yakiwa yamepungua kama nusu mita. Nikakuta boti imelazwa ubavu mchangani, ubao wa tatu kutoka chini umepasuka urefu wa mkono, na ndani ya ule mpasuko kimebaki kipande cha nondo na saruji yake bado imeng'ang'ania. Ilitoka kwenye kifusi cha nyumba, mtu alikimwaga pale maji yalipojaa ili watu wapande boti bila kulowa. Nia nzuri kabisa. Maji yalipokuwa juu boti zilipita bila shida, yaliposhuka ile nondo ikawa sawasawa na tumbo la boti. Mwenye boti hata hakuwa anafoka, alikuwa anapima ubao kwa shubiri ajue anunue wa futi ngapi.

Na sio nondo tu. Ufukwe wa mchanga unalipunguza wimbi nguvu taratibu, ukiweka ukuta wa mawe wimbi linagonga linarudi, linachimba miguuni pa ukuta halafu linahamia kwa jirani. Mchanga nao unasafiri kandokando ya ufukwe, ukiukatia njia upande mmoja unajaa mpaka boti hazielei, upande wa pili unaisha. Ndo maana jirani yako analalamika, na ana haki.

Kisheria, hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mipaka ya eneo lako hasa siwezi kuitamka hapa, lazima afisa aje apime, lakini njooni kabla ya kujenga, sio baada ya kupigwa X nyekundu. Ukitaka kujenga gati unaanza serikali ya kijiji au mtaa, unapata barua na muhtasari wa kikao, unaenda halmashauri, unaenda bodi ya maji ya bonde, unaenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake, na mamlaka ya bandari lazima ijue maana vinginevyo hiyo ni bandari bubu, yaani isiyo rasmi. Muhtasari uwe na mihuri na majina ya wajumbe, mafaili mengi yanarudishwa kwa kukosa hiyo karatasi moja tu. Barua ya mwenyekiti peke yake SIO kibali, naomba hili lieleweke. Ukikutwa umejaza kifusi unaweza kupewa amri ya kusimamisha kazi, halafu amri ya kurejesha mazingira, maana yake unakitoa kwa gharama zako, na kesi ikifika mahakamani kuna faini, kifungo, au vyote viwili.

Kingine, maji yakipanda matete na magugu maji yanang'oka na kuelea kama kisiwa. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliingia kwenye mitambo ya umeme Jinja, Uganda nzima ikaingia giza. Mkikiona kinaelekea gatini msikifunge kamba kwenye nguzo, uzito wake unang'oa nguzo.

Na kama kwenye mwalo wako kifusi kimeshamwagwa, usikisukume ndani zaidi. Chomeka mti wenye kitambaa chekundu pale kinapoishia, waambie BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, watupigie tuje na mtambo wakati maji yamepungua, maana yakishapanda hatukioni tena.