Koni hazimfundishi mtoto kutoa pasi

Makocha wengi wa soka la watoto huamini kwamba mtoto wa miaka minane au tisa lazima kwanza aive kiufundi kwa kuzungusha mpira kati ya koni, vile vialama vya plastiki vinavyopangwa uwanjani; kusoma mchezo kutakuja baadaye. Si kweli. Koni haisogei wala haikabi. Mtoto anayezizunguka huinamia mpira muda wote, na siku ya mechi beki akimjia, mguu unaijua kazi lakini macho hayajui pa kutazama.

Jaribu watatu kwa mmoja. Pima mraba wa mita 8 kwa 8. Watatu wamiliki mpira, mmoja akabe kwa sekunde 45, kisha wapokezane. Hapo mtoto analazimika kugeuza shingo kabla mpira haujamfikia, kuupokea kwa mguu ulio mbali na mkabaji, na kuchagua wa kumpa. Pasi zikikatika kila mara, ongeza mita mbili kila upande. Mkabaji asipougusa kabisa, punguza. Wengi huharibu kwa kuweka mapema mno sheria ya mguso mmoja, yaani mtoto atoe mpira kwa mguso wa kwanza: watoto wanabutua tu, uamuzi umekufa.

Kosa kubwa zaidi ni la kocha mwenyewe, kupiga kelele "Toa! Mpe Juma!" Akishaamua yeye, mtoto anabaki kutekeleza. Nyamaza, subiri mpira utoke, ndipo uulize: "Ulimwona nani yuko wazi?"

Koni ziachie dakika tano za kupasha mwili, au kumrekebisha anayelegeza kifundo cha mguu anapopiga pasi.