"Kwanza" haianzishi aya: namna ya kupanga sentensi zilizochanganywa

Mtihani wa darasa la saba ukikaribia, ushauri uleule kuhusu swali la kupanga sentensi, ambapo mtoto huzipa sentensi zilizochanganywa herufi kuanzia A kulingana na nafasi ya kila moja katika aya, huanza kusambaa kwenye makundi ya walimu na wazazi: tafuta sentensi yenye "kwanza" uipe A, yenye "hatimaye" iweke mwisho, zilizobaki zipange kwa kuangalia kinachopendeza. Ushauri huu unawapotosha watoto. Kiswahili kina alama za wazi zinazoonyesha sentensi ipi inaifuata ipi, na sisi tunawafundisha kuziruka.

Chukua hizi tano:

1. Hilo jepesi ndilo linalobandikwa jikoni kwanza, likatiwa mchele.
2. Kwanza nazi hukunwa, ikatiwa maji kidogo na kukamuliwa ili kupata tui zito.
3. Wali wa nazi hupikwa kwa tui la aina mbili.
4. Lile zito huwekwa kando, likamiminwa wali unapokaribia kukauka.
5. Machicha yake hutiwa maji tena na kukamuliwa, yakatoa tui jepesi.

"Kwanza" imo katika sentensi mbili, na hakuna hata moja inayoanza. Neno hilo huanzisha hatua, na kabla ya hatua lazima kitajwe kinachofanywa. Namba 3 inalitaja jambo lenyewe bila kudai chochote kilichotangulia, basi ndiyo A. "Hatimaye" nayo ni hivyo hivyo. "Hatimaye basi lilifika" inaweza kufuatwa na "Abiria walishuka wakiwa hoi", ikawa ya pili kutoka mwisho.

Tazama hasara yake. Mtoto aliyeanza na namba 2 akaisukuma namba 3 hadi mwisho atapata 2, 5, 1, 4, 3. Mfuatano wa 2, 5, 1, 4 ni sahihi kabisa, ila kila sentensi imehama nafasi moja. Alama zikitolewa kwa nafasi, amekosa zote tano.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta sentensi ya kwanza. Anza kwa kutafuta jozi zisizoachana. Sentensi tano zinaweza kupangwa kwa njia 120. Ukipata jozi moja ya hakika, njia zinabaki 24. Ukiunga ya pili zinabaki 6, na ya tatu zinabaki 2 tu. Hapo ndipo unapouliza ipi inaanza, na swali limekuwa jepesi.

Jozi hupatikana kwa kuuliza kila sentensi: ni neno gani ndani yako linalodai kitu kilichokwisha kusemwa? Namba 5 ina "tena", yaani kuna kitu kilikwisha kutiwa maji, na maji ya mwanzo yako namba 2. Ina pia "yake", linalohitaji mwenye machicha, naye ni nazi. Namba 1 ina "hilo jepesi", na tui jepesi limezaliwa mwishoni mwa namba 5. Namba 4 ina "lile zito". Kwa nini "lile" na si "hilo"? Kwa sababu linaruka tui lililotajwa hivi punde na kurudi kwa lile la nyuma zaidi. Tumepata 2-5, 5-1 na 1-4. Jibu ni 3, 2, 5, 1, 4.

Viambishi vya ngeli ndivyo hazina kubwa, lakini vina mipaka ambayo vitabu vya mazoezi havisemi. Kwanza kabisa, "hu-" hufuta kiambishi cha nafsi na ngeli. "Hutiwa" haikuambii kama kinachotiwa ni machicha, nazi au tui. Aya za mapishi na kazi za mikono zimejaa "hu-", kwa hiyo tafuta vitenzi vinavyofuata: "ikatiwa" ni nazi, "yakatoa" ni machicha, "likamiminwa" ni tui. Pili, watu na wanyama karibu wote huchukua "a-" na "wa-". Katika kisa chenye Juma na Hamisi, "alikuwa amebeba kapu" haimtambulishi yeyote. Hapo tegemea nani anajua nini, nani yuko wapi, na kitu gani kimeshahama mkono. Tatu, ngeli ya "ki-" hutega watungaji wavivu: kisu, kidole, kidonda na kitambaa vyote viko humo, na "alikiosha" inaweza kuelekea popote kati ya hivyo.

"-ka-" ya masimulizi inastahili somo zima peke yake. "Akachukua ufunguo akafungua mlango" haiwezi kuanza aya ya mtihani, kwa sababu "-ka-" haina wakati wake yenyewe. Huazima wakati wa kitenzi kilichotangulia, mara nyingi chenye "-li-" au, kama hapo juu, "hu-". Lakini angalia "ka" ya kweli. Katika "akataa", "ka" ni sehemu ya mzizi wa kataa. Ya masimulizi ni "akakataa". Na "akalale" inayoishia na "-e" ni ya kwenda kufanya jambo, haisimulii lililotokea.

Vitenzi vyenye "-po-" ni rahisi: "alipofika" hutaka safari iliyotangulia. "Hata hivyo" hutaka jambo la kupingwa, "-ingine" hutaka wa mwanzo. Songa mbele.

Sasa herufi, maana watoto wenye mpangilio sahihi kichwani hupoteza alama hapa. Wanaambiwa wazipe sentensi herufi kulingana na nafasi. Swali ni "sentensi hii ni ya ngapi?", si "ya kwanza ni ipi?" Kwa mfano wetu, namba 1 ni ya nne, kwa hiyo D. Namba 2 ni B, 3 ni A, 4 ni E, 5 ni C. Anayegeuza swali atasoma 3, 2, 5, 1, 4 kama C, B, E, A, D, na herufi moja tu itasalimika. Aandike mpangilio pembeni kwanza, aweke herufi juu ya kila namba, ndipo aguse fomu ya kusiliba.

Lipo jambo ambalo sina uhakika nalo kama wanavyodai wenye majibu ya nyuma ya kitabu. Si kila fungu lina jibu moja. Ondoa "lile" katika namba 4, ibaki "Zito huwekwa kando", na mtoto anaweza kuileta mara baada ya namba 2. "Yake" itayumba kidogo, lakini msomaji ataelewa. Hata "hilo" na "lile" si sheria ya chuma, kwani wasimulizi husema "yule mzee" kwa mtu waliyemtaja sentensi moja tu nyuma.

Mtungaji wa swali ndiye mwenye wajibu. Kabla ya kulitoa, abadilishe kila sentensi mbili zilizo jirani na kusoma kwa sauti. Zikibadilika bila kitu kuvunjika, aongeze kiungo: "hilo", "tena", "-ake". Na ikiwa swali limeshafika darasani likiwa na njia mbili, mwalimu amsikilize mtoto anayetetea yake kwa kuonyesha neno lililomwongoza, ampe alama.